Injini ya Pikapu kwenye Gari la Fahari

Mume wangu alibadilishana gari letu dogo, lile nililokuwa nikiendea kazini, akaleta gari la michezo la Kimarekani lililonizidi umri. Injini imekufa. Hakuniuliza. Nililikuta tu mbele ya nyumba yetu mtaa wa Nechells, huku ughaibuni, jekundu, refu, milango miwili.

Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao, Acocks Green, mbali na kwetu. Mlezi wa mtoto wetu alikuwa Aston, mtaa mwingine. Kwa mabasi, sikuwahi kufika kwa wakati. Msimamizi alishaniambia: mwezi ukiisha sina gari, wazee wangu atapewa mhudumu mwingine. Na niliwapenda wale wazee.

Wanaume wetu hawaamui jambo la gari mpaka wakutane. Jumapili, baada ya ibada, walikuja na sahani za pilau mkononi wakazunguka boneti. Injini mbovu walishaitoa.

"Mama, sikiya," akasema mzee wa kanisa, Mkongomani. "Muweke moteur, injini ya Kijapani. Kwetu tunaweka hata mu camion. Haikufe."

"Hata kwetu Kenya," mume wangu akadakia. "Unachomelea tu mahali pa kuikalisha."

"Unachomelea na nini?" nikauliza. "Hapa tuko na pasi na jiko la gesi."

"Shemeji, si utuletee chai," rafiki yake akasema.

"Chai iko jikoni. Miguu unayo."

Walikuwa wamesahau kwamba kule nyumbani kila kona ina fundi wa jua kali wa kukata na kuunga. Hapa hatukuwa na yeyote. Giaboksi ilikuwa nzima, kwa hiyo injini ndiyo ingeifuata giaboksi, si kinyume. Hilo halihitaji chuo.

Jumatatu nilipasua katoni ya nepi, nikaibandika kwenye uso wa giaboksi na kutoboa kila tundu la bolti kwa penseli, kama patani, ile karatasi ya kukatia sketi tuliyofundishwa shuleni. Nikambeba mtoto mgongoni, katoni kwapani, nikaenda yadi ya magari makuukuu.

Mwenye yadi akaniita "bab", kama wanavyomwita kila mtu huku, akanionyesha injini inayong'aa. Nikaweka katoni. Matundu yakakataa. Ya pili nayo ikakataa. Ya tatu ilikuwa ya pikapu ya Kimarekani, ya kampuni ileile iliyotengeneza gari letu, imejaa grisi. Matundu yote yakalingana. Ina kabureta kama ya kwetu, hakuna kompyuta wala nyaya za kunichanganya. Nikamwambia aiwashe kwanza niisikie. Ikanguruma vizuri, nikailipia.

"Ya pikapu?" mume wangu akalalamika ilipoletwa nyumbani. "Watu watanicheka."

"Wacheke. Mimi nitakuwa kazini."

Jumamosi wanaume waliishusha ndani ya gari. Mzee wa kanisa alilala chini ya gari, akakaza bolti ya mwisho, akatoka na mafuta usoni.

"Mama, imeingia. Hatukukata kitu."

Nikawasha. Mtaa mzima ulisikia. Mwezi ulikuwa haujaisha, na nilikuwa na zamu ya mchana. Nikamfunga mtoto kwenye kiti chake nyuma.

"Si nijaribu mimi kwanza?" mume wangu akauliza, mkono umenyooshwa kuomba ufunguo.

"Panda nyuma."

Kiti cha nyuma cha gari lile ni cha mwanasesere. Alikunja magoti hadi kidevuni, nikaondoka.