Mkono Chini ya Shali

Hema la mashine ya kupima moyo lilisimamishwa kando ya soko la mifugo la Garissa kwa siku tatu. Siku ya tatu ndipo nilipofanikiwa kumfikisha mdogo wangu. Alikuwa na mtoto wa nne, wa miezi miwili. Miguu ilimvimba, usingizi aliupata akiwa ameketi, na kutoka jikoni hadi mlangoni alihema kama aliyefukuzwa. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wake: gesi, jicho la watu, uvivu. La uvivu lilikuwa la mumewe.

Tulifika saa nne. Saa kumi mashine ilikuwa inarudi Nairobi.

Fundi wa mashine, mwanamume wa makamo, alimwambia avue nguo za juu alale. Mdogo wangu akauliza, kwa sauti ya chini, kama yuko mwanamke wa kumpima. Fundi hakuinua uso. Aliandika neno moja kwenye fomu, akaita anayefuata. Mimi ni dalali wa mbuzi. Karatasi ya mtu naisoma hata ikiwa kichwa chini. Aliandika: amekataa.

Nikamwambia hakukataa, ameuliza. Akanijibu kwamba fomu ina nafasi mbili, amekubali na amekataa. Nafasi ya maswali hakuna. Nikaihesabu orodha ya majina iliyokuwa mezani kutoka juu, kisha kutoka chini. Wanawake kumi na saba, wote wamekataa. Wanaume wote wamekubali, hata mzee mmoja ninayemjua ambaye sokoni hajawahi kukubali kitu.

Nyuma yangu mkubwa wao, daktari bingwa, alikuwa akimweleza ofisa mmoja kwamba mila za huku ni kikwazo, wanawake hawajali mioyo yao. Alisema hayo akitafuna nyama ya mbuzi, mafuta yakimshuka kidoleni.

Aliyekuwa akipanga foleni na kutafsiri Kisomali ni muuguzi wa kike kutoka Masalani. Nilipomuuliza kazi yake hasa ni ipi, akaniambia mashine hiyo anaijua kuliko fundi. Yeye ndiye aliyemfundisha kuishika. Hapa walimleta kwa sababu ya lugha. Nikamuuliza kama anaweza kupima bila kutazama kifua.

"Abaayo, dada yangu, kifua hakitazamwi. Macho yako kwenye skrini. Mkono ndio unaotafuta."

Basi hiyo ni kazi yetu. Sokoni madalali wawili hushikana mikono chini ya kitambaa, wakaminyana vidole, bei ikapatana bila jirani kuona kitu. Fundi alipotoka kwenda kula, nikatoa begani shali yangu ya biashara, nikamfunika mdogo wangu kuanzia shingoni. Muuguzi akaingiza mkono ulioshika kipimo cha mashine, akahesabu mbavu, akarudi akazihesabu tena. Nikampenda hapohapo.

Kwenye skrini moyo ulionekana mpana, ukijikunja kivivu kama karani baada ya chakula cha mchana.

"Huu si uvivu," muuguzi alisema. "Ni moyo uliodhoofika kwa uzazi. Dawa ipo, ila aanze leo."

Akaandika barua ya hospitali, kisha akawapigia simu wale wanawake wengine kwa namba za kwenye fomu zao. Kumi na mmoja walirudi. Alipokuwa amepima saba, daktari bingwa alikuja, akainua pindo la shali kwa vidole viwili, akatabasamu. Akamwita mtu wa picha. Ubunifu wa timu yangu, alisema, na akamwomba muuguzi asogee ili mashine ionekane. Daktari mwenyewe akakishika kile kipimo. Mwanamke aliyelala akaketi, akajifunika nguo zake.

Nikachukua shali yangu, nikaikunja.

Daktari akauliza kuna nini. Nikamwonyesha fomu ya mdogo wangu: amekataa, na kwenye nafasi ya aliyepima, jina la fundi. Akasema hayo yatarekebishwa Nairobi.

"Nairobi ni mbali, daktari. Shali iko hapa."

Muuguzi akaninong'oneza niache. Wanawake wanne walikuwa wakingoja, na daktari alikuwa akitazama saa. Mwishowe akafuta neno, akaandika jina la muuguzi. Kwa penseli.

Nikampa biro yangu. Alipomaliza nikalisoma jina lile, nikalisoma tena, ndipo nikaikunjua shali nikamkabidhi muuguzi. Mdogo wangu alikuwa tayari ndani ya tuk-tuk, barua mkononi, akihema.