Bwana Karai na Wenye Adabu wa Sogoa

Dorah Nyakerario hakuwa na subira na wajinga, na Mungu alimjalia kukutana nao kila siku. Ukiuliza habari zake pale Sindo, hilo ndilo utakaloambiwa kwanza, kabla hata hujajua anauza nini. Yeye ni mtu wa Kisii. Aliolewa na Mosoti, fundi seremala, wakateremka ziwani na randa mbili na mikungu ya ndizi. Randa zilipata kazi ya kuunda boti, ndizi zililiwa na majirani, naye Dorah akaingia katika biashara ya omena, dagaa wa ziwani. Wajaluo walimwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na hata baada ya miaka ishirini jina hilo limekataa kubanduka. Kijaluo chake kinachekesha watoto, kwa hiyo akitaka kugombana hugombana kwa Kiswahili. Hugombana sana. Jumamosi hunyamaza kwa sababu ya Sabato, maana ni shemasi kanisani, halafu Jumapili anafidia.

Ufuoni kuna desturi moja ambayo mgeni huambiwa kwa kunong'onezwa. Inaitwa jaboya, na mvuvi anayeifuata naye huitwa jaboya. Mwanamke akitaka samaki wa uhakika kila boti inapotua, sharti awe na mvuvi wake, na mvuvi huyo hatosheki na bei. Hulipwa pesa, kisha hulipwa kitandani. Anayekataa hupimiwa mwisho kabisa, jua likiwa limeshapanda na omena wameanza kupasuka matumbo. Dorah alikataa tangu siku ya kwanza. Aliuza mabaki, akachekwa, akarudi kesho yake na ulimi mkali zaidi, mpaka wanaume wakaona heri wampimie mapema aende zake. Basi wanawake wenzake wakawa wanamwendea kuomba huo ulimi, kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani.

"Hao hawana nguvu," aliwaambia. "Wana mazoea tu. Yeye hilo neno amelisema mara mia, wewe unalisikia mara ya kwanza ukiwa na usingizi machoni. Lazima akushinde."

Dawa ya mazoea ni mazoea, na hayo Dorah aliyapata kwenye simu. Risper, anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko, alimwonyesha Sogoa, jukwaa la akili bandia ambalo mtu yeyote anaweza kujiundia mhusika. Unaandika huyo mtu ni nani, ana tabia gani, anaongeaje. Ukimaliza unawasambazia wengine kiungo, nao wanapiga naye soga kana kwamba ni mtu wa kweli. Dorah akamuunda Bwana Karai. Alikuwa mvuvi mnene mwenye majigambo, na kila ukimwomba omena alikuuliza utamfanyia nini jioni. Dorah alimfundisha vishawishi vyote alivyowahi kusikia, na alivisikia vingi, kisha akampeleka kwenye vikundi vya WhatsApp vya akina mama. Mpaka Mbita wanawake walikuwa wakimtukana Bwana Karai huku wakisubiri ugali uive.

Aliyemhitaji kuliko wote alikuwa Valary, binti wa jirani yake Marcella. Mwezi wa nne Marcella alipigwa na kiharusi. Upande mmoja ukafa na maneno yakakatika. Valary akaacha kazi ya saluni Homa Bay mjini, akarudi kushika karai la mama yake. Lakini karai hilo lilikuwa na mwenyewe. Kwa miaka mingi Marcella alinunua kwenye boti ya Cephas, na kila mtu alijua alikuwa akilipa vipi, Valary akiwemo, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia. Miezi ya kwanza alinunua omena waliokwisha kaukia mikononi mwa wachuuzi, faida ikawa jina tu, na dawa za mama zikawa zinakatika. Sasa hakuwa na njia ila kushuka mwenyewe mpaka kwenye boti. Amkubalie Cephas apate samaki, au amkabili uso kwa uso apate samaki bila Cephas. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Bahati nzuri mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti omena, kwa hiyo boti hupumzika, na Valary akapata siku za kujifunza. Mwanzoni aliandika "samahani" na "tafadhali mzee", na Bwana Karai akamla mzimamzima. Dorah, aliyekuwa akichungulia begani, alitikisa kichwa. "Unamwomba msamaha wa nini? Umemkanyaga?" Polepole mkono ukapata moto. Siku moja Bwana Karai alipomwambia jioni atapita kwake, Valary akaandika: "Kitanda changu si mzani. Pima, nilipe." Dorah alicheka mpaka Mosoti akaacha kupiga randa, akaja kuuliza nani amekufa.

Kesho yake Bwana Karai hakuwepo. Mahali pake palikuwa na maandishi: "Mhusika wako ameondolewa kwa kukiuka kanuni za jamii yetu. Sababu: maudhui ya ngono na unyanyasaji. Asante kwa kutusaidia kuifanya Sogoa iwe mahali salama."

"Salama kwa nani?" Dorah aliuliza. "Ala! Hao wamewahi kufika Sindo?"

Palikuwa na kitufe cha kukata rufaa. Dorah akaandika kwa staha zote, kama anavyowaandikia wazee wa kanisa, akieleza jaboya ni nini na mhusika huyu ni wa kuwafundisha wanawake kukataa. Kabla hajarudisha simu kwenye mfuko wa aproni, jibu liliingia: timu yetu imepitia ombi lako kwa makini na uamuzi unabaki. Timu gani hiyo, inayosoma kwa makini kabla mtu hajapangusa kidole? Hata karani mvivu kuliko wote huko kaunti hujifanya anafungua faili. Akaandika tena. Jibu likaja lilelile, nukta kwa nukta, pamoja na ile asante yao ya kukera.

Kilichomchemsha damu zaidi ni ule ukurasa wa mbele. Pale, palipoandikwa "Wanaopendwa wiki hii", alikuwepo Sponsa wa Gari Jeusi, mzee wa kuhonga wasichana, akafuata Bosi Mkali Anayekutamani, kisha Mume wa Rafiki Yako, kifua wazi na macho ya kusinzia. Hao wote walikuwa salama. Hao hawakumnyanyasa mtu. Nyani haoni kundule, na hawa nyani walikuwa wamejiwekea kioo wakajiona malaika.

Dorah akajaribu kutii. Alitoa kitanda, akatoa jioni, akatoa kila neno lenye harufu, akampeleka Bwana Karai mpya. Akakubaliwa. Valary akamwomba omena. "Karibu sana dada," alijibu Bwana Karai. "Bei yetu ni ya haki, na tunathamini wateja wote. Ungependa kujua faida za kiafya za omena?"

Valary akaiweka simu chini. "Auntie, nikikutana na huyu ufuoni nitazimia."

"Huyu hayuko Sindo, hayuko Mbita, na mbinguni sina hakika," alisema Dorah. Walicheka, lakini Valary alikuwa akitazama nje, mahali mwezi ulipokuwa umeanza kumegeka. Siku zilikuwa zinakwisha.

Risper ndiye aliyegundua siri. "Mama Arasa," alisema, akimwita Dorah kwa jina la mwanawe wa kwanza, "tatizo ni pale ulipomweka. Umemweka kwenye kundi la masomo. Hebu tumweke kwenye mapenzi." Akamchukua Bwana Karai wa zamani, na kitanda chake na jioni yake na uchafu wake wote, bila kubadilisha neno. Akampachika picha ya kijana aliyevua shati, akambonyeza kwenye kundi la mahaba. Alikubaliwa papo hapo, na wakamtilia nyota.

Valary akashika simu. Bwana Karai akamwambia atapita jioni, naye Valary atajaziwa karai akimjazia kitanda. Sogoa ikakaa kimya, haikuona neno baya. Valary akaandika jibu lake la mzani. Halikufika. Akaandika kwamba yeye si samaki, na mvuvi aoshe mdomo kabla ya kuongea na watoto wa watu. Kioo kikawa chekundu: "Ujumbe wako umekiuka kanuni za staha. Tafadhali kuwa mwenye upole. Akaunti yako imesimamishwa kwa muda."

Mle kibandani Dorah aliichukua simu akasoma mwenyewe. Kisha Dorah akaongea, na hakupaza sauti, jambo ambalo liliwatisha zaidi. "Kwa hiyo mwanamume akidai, ni mapenzi. Mwanamke akikataa, ni matusi. Na sisi tulidhani hao watu ni wajinga tu. Kumbe ni majaboya wenyewe."

Akaifuta Sogoa kwenye simu yake. Mchana huo akavaa kofia ya Mosoti, akamshika Valary mkono mpaka kwenye kiwanja cha kuanikia, mahali nyavu kuukuu zilikuwa zimetandikwa tupu, akasimama mbele yake miguu kando kama mwenye boti. "Haya," alisema. "Mimi ni Cephas. Njoo uniombe." Na akaanza. Alisema yote ambayo shemasi hasemi, kwa sauti ya wazi, jua likiwa utosini. Wanawake waliokuwa wakishona nyavu wakaja wakaketi kutazama. Valary alijibu, akakosea, akajibu tena.

Katikati ya shughuli akapita Mokaya, mzee wa kanisa, baiskeli mkononi, akamsikia shemasi wake akiahidi kujaza karai kwa malipo ya kitanda. Alisimama mdomo wazi. "Dada Dorah! Jambo hili nitalifikisha kwenye baraza la kanisa!"

"Lifikishe, mzee," alijibu Dorah bila kuvua kofia. "Nitakuja. Huko angalau kuna benchi, na watu wenye uso, na nikiongea mtanisikiliza mpaka mwisho hata kama mtakasirika." Mokaya akasukuma baiskeli yake akaenda. Dorah akamgeukia Valary. "Tulikuwa wapi? Nilikuwa nakudharau."

Mwezi ukapungua, boti zikaingia ziwani usiku. Alfajiri ziliporudi, wanawake walikuwa tayari ufuoni na makarai yao, Valary mbele, Dorah hatua chache nyuma, kofia ya Mosoti kichwani. Cephas akaruka kwenye maji ya magoti. Hakuwa mnene wala mwenye majigambo. Alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, mwenye mvi kidevuni.

"Nyako, karai la Marcella mimi hulijaza kwanza," alisema, akimwita msichana kwa Kijaluo. "Jioni nitapita nikuone."

"Kitanda changu si mzani, mzee. Pima, nilipe."

Vijana wa kwenye boti wakaangua kicheko, mmoja akapiga kasia kwa furaha. Dorah akajisikia amekua futi moja. Lakini Cephas hakukasirika. Alitabasamu tu, kama mtu anayemngojea mtoto amalize. "Mama yako hakuwa na maneno hayo. Tumekaa naye vizuri miaka yote. Nenda umuulize."

Hilo halikuwemo katika mazoezi yao. Dorah alikuwa ameunda mpumbavu, akacheza mpumbavu, na hapa amesimama mtu anayeijua nyumba ya watu mpaka ndani. Akapiga hatua amsaidie msichana, lakini Valary alimtangulia.

"Siwezi kumuuliza," alisema Valary. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Tangu mwezi wa nne hawezi kuongea. Amelalia upande mmoja. Wewe kwetu unapajua, hata gizani unapajua. Umekuja kumwona mara ngapi?"

Cephas aliwatazama vijana wake, wakatazama nyavu. Valary akaliweka karai miguuni pake. "Pima," alisema.

Cephas alipima mwenyewe, kwa ndoo, omena wengine wakimwagika mchangani, akachukua pesa kwa bei ya watu wote bila kuzihesabu. Dorah akamsaidia Valary kujitwika. Maji ya omena yaliwalowanisha wote wawili. Walipanda mpaka kwenye kiwanja, na Dorah, aliyejaa sifa mpaka kooni, akaona hawezi kungoja zaidi.

"Msichana wangu, umemmaliza! Haki ya nani, umemmaliza."

Valary alikuwa ameanza kutandaza omena juu ya nyavu, kichwa chini. "Sikutaka kummaliza, Auntie," alisema. "Nilikuwa naomba aseme amekuja kumwona Mama. Hata mara moja tu, siku ambayo mimi sikuwepo."

Dorah akavua kofia ya Mosoti. Jua lilikuwa linapanda, akapiga magoti akaanza kuanika upande wa pili.