Kitwana, Mutu wa Kamyo Nyekundu

Huyu Kitwana mimi simupendi. Ninasema mapema, ili mutu asifikiri nimekaa hapa kumusifu. Sikumupenda kabla ya moto, sikumupenda siku ya moto, na hata leo nikimuona anapita hapa kwetu Majengo na aparei yake ya foto shingoni ninatema mate chini. Lakini watu wananiuliza habari zake, kwa sababu nilikuwa pale. Basi nitasema.

Ni mutu wa Birere, hapa Goma. Babu yake alitoka Kasongo, kule Maniema, na mizigo ya vitambaa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Kitwana mwenyewe alikuwa anapiga foto za pasipoti na za harusi. Ukuta mweupe, kiti, inua kidevu mama, basi. Kazi ya heshima. Kisha moto ukala ile nyumba yake ya foto, miaka mine sasa, na wapompia, wale wazima moto, hawakuja. Mutu mwingine angelia, angekunywa chai, angeanza tena. Yeye alienda kuuliza muji huu uko na kamyo ngapi za kuzima moto. Ofisi ya kwanza wakamuambia ine. Ofisi ya pili wakasema saba. Mulinzi wa mulango akasema hajaona hata moja tangu Pasaka. Hapo ndipo kichwa chake kiliharibika. Akanunua kaye ya kurasa mia mbili, akaanza kuzihesabu yeye mwenyewe.

Alizunguka Goma yote, kituo kwa kituo. Kila kamyo aliipiga foto mbele, nyuma na ubavuni, kisha analala chini yake na kupiga tumbo. Anaandika matairi, pampu, mipira ya maji, nani anashika ufunguo, na maji yako mbali kiasi gani. Kuna kituo alichokuta ni mulango tu wenye maandishi mekundu, na nyuma ya mulango mama mumoja anaanika mihogo. Akakiandika. Alifika Mugunga, akapanda Kanyaruchinya, akakuta mahema ya wakimbizi yamebanana na hakuna kamyo hata ya kuonyesha watoto. Unajua alifanya nini? Alipiga foto ya mahali ambapo kamyo ingesimama. Sasa mutu mwenye akili anapiga foto ya kitu ambacho hakiko?

Wapompia walimuchukia, walifikiri anawachongea kwa wakubwa wao. Askari walimukamata mara tatu, maana hapa kwetu mutu anayepiga foto bila harusi ni mupelelezi tu. Hata dada yake Saumu, anayeuza vitenge sokoni, aliniambia mwenyewe kwamba anaona haya: kaka aliacha foto ambazo watu wanacheka ndani yake, sasa analala chini ya magari yanayovuja.

Mimi nilimuchukia kwa sababu yangu, na sababu yangu ni moto wa mwezi wa saba.

Ninauza makala, mukaa wa kupikia. Nyumba yangu ilikuwa ya mbao, juu ya mawe ya volkano, na nyuma yake depo ya magunia. Siku ya pili ya juma, muchana, moto ulitoka kwa jirani aliyeacha jiko linawaka akaenda kwenye mazishi. Ukaruka kwenye depo yangu. Adalbert, mwenye kinu cha kusaga, akawapigia wapompia simu.

Sasa niwaambie desturi yetu, maana mugeni hataelewa. Majengo, kamyo ya wapompia ikifika, tunaipokea na mawe. Goma hakuna anayekosa jiwe, volkano ilitugawia sisi wote. Kamyo inafika nyumba zimekwisha, tangi kavu, wapompia wanashuka na kusimama mikono nyuma kama watu wa matanga. Kwenye avenyu yetu ilikuja mara tatu, na mara zote tatu ilikuja kavu. Kila mutu alijua sababu: dereva anauza maji kwa wanaojenga manyumba ya ghorofa. Nani alimuona? Hakuna aliyemuona, lakini kila mutu alijua. Basi ikifika tunaitupia, inarudi nyuma, na roho inapoa kidogo.

Ile siku ikatokea kwenye kona ya kinu. Jiwe la kwanza lilikuwa langu, sifichi. Kioo cha mbele kikapasuka na wamama wengine wakafuata. Dereva, anaitwa Josias, akafunga milango, akatoa mukono dirishani, akawa anapunga kuelekea chini. Tukafikiri anatutukana, tukaongeza mawe. Na juu ya ukuta wa kinu nani alikuwa amesimama? Kitwana. Nyumba yangu inaungua, na yeye hajali moto, anapiga foto kamyo! Hata bidoni moja ya maji hakubeba. Jiwe langu la pili lilikuwa lake. Likamupata juu ya jicho. Alipangusa damu na mukono wa shati, akaendelea kupiga.

Nyumba yangu ikaisha. Ya Apolline, jirani yangu, nayo ikaisha, na mbili za mbele. Vijana wakamutoa Josias ndani ya kamyo na kumupiga mpaka polisi wakawanyang'anya. Tulipofungua bomba la tangi, likatoa tone moja. Munaona? Ndivyo nilivyowaambia wote. Akatiwa kasho ya polisi, na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuweka kidole kwenye karatasi ya mashtaka: dereva aliuza maji. Shefu wa kartie, mutaa wetu, muzee Mirindi, akasema tutasikilizana siku ya tano. Kama hakuna wa kumutetea, watamupeleka juu, na kule mutu anaweza kuoza gerezani kabla hajaulizwa jina. Charline, bibi wa ndoa wa Josias, alipita kila siku na bakuli la maharage akienda kasho. Nilikuwa ninageuza uso.

Siku ya ine asubuhi Kitwana akanikuta chini ya bashi la plastiki nililotandika juu ya majivu yangu. Jicho limefungwa kitambaa. Hakusalimia. Akasema nisimame twende kituo. Nilimutukana yeye, babu yake na aparei yake. Alingoja nimalize, na mimi sina mudomo mufupi. Nilipomaliza alikuwa bado amesimama. Nikamufuata, nikifikiri labda nitapata ya kumufunga na yeye pia.

Kwenye kituo wapompia wawili walinitazama kama mavi. Mumoja akauliza kama nimekuja kumalizia kioo cha nyuma. Kitwana akaingia chini ya kamyo, akaniita. Mimi huyu, mama wa kilo makumi munane, nilitambaa na kitenge changu kwenye mafuta. Tangi lilikuwa limepasuka kwa urefu wa mukono, kwa hizi barabara zetu za mawe. Wameliziba na sabuni na vipande vya mupira. Akanifungulia kaye: miezi kumi na mine, kila mwezi foto ya ule ufa, na kila mwezi umeongezeka. Alikuwa amewaandikia wakubwa barua mbili. Hakuna aliyejibu.

Akanieleza kama mutu anayemufundisha mutoto mubaya. Ukilijaza jioni, asubuhi ni kavu. Kwa hiyo kamyo inalala bila maji. Wakiitwa wanashuka ziwani kwanza, wanajaza, wanapanda, na njia yote inamwaga. Ikifika Majengo imebakiza nusu, kama haisimami.

Nikamuuliza, na ikisimamishwa je?

Akatoa foto kwenye bahasha. Moja ni kamyo kwenye kona ya kinu, na chini yake maji yanatiririka juu ya mawe meusi. Nyingine ni mukono wa Josias dirishani, kidole kinaonyesha yale maji. Ya tatu ilishika yote. Kamyo, kioo bado kizima. Nyuma yake nyumba yangu, manjanja, yale mabati, yote juu ya paa, moshi unatoka kwenye depo tu, na ya Apolline haijaguswa. Na mbele kabisa mama mumoja, mudomo wazi, mukono juu, na jiwe. Nyuma ya foto aliandika saa nane na dakika kumi. Ya mwisho iliandikwa saa nane na nusu: kamyo palepale, njia imeanza kukauka, na nyuma yake nyumba hazipo.

Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikaa chini pale pale kwenye mawe. Ninasema ukweli, nilitaka kumupiga tena.

Nikamuomba aichome ile ya tatu. Nilimuomba vizuri, nikamuita papa Kitwana, jina ambalo sikuwahi kumupa. Akanitia ile foto mukononi.

"Kesho nitaonyesha ufa," akasema. "Lakini mimi ni mupelelezi, watasema ninatengeneza foto. Weye ndiye uliweka kidole kwenye karatasi. Ikitoka kwako wataamini. Ukitaka kuichoma, makala unayo."

Akaenda zake.

Siku ya tano, uwanja wa shefu Mirindi ulijaa mpaka njiani. Kitwana akaonyesha ufa, watu wakamuzomea. Apolline ndiye alipiga kelele kuliko wote, kwamba mutu huyu amelipwa na wezi wa maji. Shefu akatazama foto za ufa moja moja, akasema sawa, tangi ni bovu, lakini ufa hausemi kama ile siku kulikuwa na maji. Josias alikaa kwenye benchi, midomo imevimba, hamutazami mutu.

Foto ilikuwa ndani ya kitenge changu. Nilitaka kunyamaza, siwadanganyi. Nikisema, si nyumba yangu tu, hata ya Apolline inakaa juu ya kichwa changu, na zile mbili. Nikinyamaza, ni mutu mumoja tu anaenda gerezani, tena si ndugu yangu. Nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Kisha Josias akakohoa, na Charline akasimama akamupa maji kwenye kopo. Akanywa. Mudomo ulikuwa umepasuka, maji yakatoka upande, yakashuka kidevuni mpaka kwenye shati, na ndani yaliingia kidogo tu.

Nikasimama. Sijui miguu ilisimama kwa ruhusa ya nani.

"Papa shefu, maji yalikuwamo," nikasema. "Yalimwagika pale kwenye kona, wakati mimi ninatupa mawe."

Nikatoa foto. Shefu akaitazama, akanitazama mimi, akamupa wa pembeni, nayo ikazunguka uwanja mukono kwa mukono. Hakuna aliyenipa pole. Ilipofika kwa Apolline, aliishika karibu na macho kwa muda murefu, kisha akaiweka chini mbele yangu na kuondoka, Kitwana akaiokota. Hajanisalimia mpaka leo. Watoto wake wananiita Mama Jiwe, na yeye anawasikia.

Josias walimufungua ile jioni. Alinipita amegeuza uso, na alikuwa na haki. Sijui kama lile tangi limetengenezwa.

Baada ya wiki mbili nilishuka Birere kwa Kitwana. Nikamuambia nimekwisha kusema mbele ya watu wote, nimekwisha kupoteza jirani, sasa anitoe kwenye kaye yake. Akaifungua kwenye ukurasa wa kamyo ya Josias, namba mbili katika hesabu yake. Ile foto ya tatu ameibandika katikati, na chini yake ameandika: Majengo, maji yalifika. Nikamuambia aichane, au akate uso wangu na makasi, abaki na kamyo yake.

Alinitazama na lile jicho nililomuharibia. Hakuwa hata na hasira, ndiyo maana ninamuchukia.

"Foto ni ya kamyo, mama Kahambu," akasema. "Weye ndiye ulisimama mbele yake."