Mwendo wa Mama

Mwalimu wangu wa kwanza wa ngoma alitukataza kutazama nyuso. Uso umefundishwa adabu, alisema, utakudanganya. Anza na unyayo, panda kwenye nyonga, malizia mabegani, ndipo utajua mtu anaenda wapi na ana nini. Nilikuwa binti mdogo, nikamwamini, na baada ya miaka ya mazoezi macho yangu hayakuweza tena kufanya vinginevyo. Nikipita Kariakoo namwona muuza nguo kaegemea kisigino kimoja kwa sababu kingine kinamuuma. Naona bega la msukuma mkokoteni linashuka kabla hajakata kona, na mimi nimeshampisha. Watu hukiita kipaji. Kingekuwa kipaji ningeweza kukiweka pembeni nikiwa na mama yangu mzazi.

Mama hakuipenda kazi yangu. Majirani zetu wa Ilala walipomuuliza bintiye anafanya kazi wapi, alijibu, "Yuko ofisini, Posta." Ukweli ni kwamba nilikuwa kwenye kundi la ngoma na dansi ya jukwaani, mazoezi tunafanyia kwenye ukumbi mmoja Buguruni. Mama alikuwa na neno moja tu kwa yote hayo, kunengua, na alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Hakuja kunitazama hata siku moja.

Asubuhi moja tulienda wote sokoni Kariakoo kununua nazi na viungo. Nilikuwa nyuma yake na kikapu. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaenda na kurudi kama kawaida. Wa kushoto ulining'inia tu, kama si wake. Hatua zilikuwa zimefupika na unyayo wa kushoto ulikuwa unaburuza kidogo. Mwenyewe wala hakuwa na habari. Alikuwa anabishana na muuza nazi kwa sauti ile ile ya siku zote, akimwambia nazi zake zimekaukia njiani.

Jioni alikuja kaka yangu. Ndiye mkubwa wetu, ana duka la vitambaa mtaa wa pili kutoka sokoni, na tangu baba afariki neno lake ndilo la mwisho nyumbani.

"Kaka, mama anaumwa," nilimwambia.

"Kakwambia anaumwa nini?"

"Hajaniambia. Nimeona anavyotembea. Mkono wa kushoto umekufa. Tumpeleke hospitali."

Alicheka. "Mama ni mtu mzima sasa. Au unataka na yeye akate mauno kama wewe?"

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Usinitabirie maradhi, we mtoto. Mambo yako ya jukwaani yaache huko huko jukwaani."

Niliendelea kusema mpaka wakaanza kunyamaza nikiingia. Kaka alisema hawezi kumsumbua mama kwa maneno ya mnenguaji. Basi tukakaa hivyo, mvua zikaja zikapita, na mimi kila siku nikawa naona kinachopungua. Shingo iliacha kugeuka peke yake, akawa anageuka mwili mzima. Uso nao ukaanza kuganda, na hapo ndipo shangazi na majirani walipoanza kuuliza mbona mama mkali siku hizi.

Mwisho alianguka pale pale dukani kwa kaka, mbele ya wateja. Alianguka kifudifudi, bila hata kunyoosha mkono kujizuia. Hospitali, daktari alimwinua mkono, akauzungusha, akauliza umekuwa hivi tangu lini.

"Imeanza juzi juzi tu," kaka alijibu.

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nilimtazama. Yeye alitazama vigae vya sakafu. Daktari akataja ugonjwa kwa jina refu la kigeni, akatueleza kwamba ni wa ubongo, unamnyang'anya mtu mwendo polepole, na hauponi. Dawa zingemsaidia kiasi.

Zilimsaidia kiasi. Kisha miguu ikaanza kuganda. Mama alikuwa anaweza kutembea korido nzima vizuri, akifika kizingitini miguu inagoma, kana kwamba imegundishwa kwa saruji. Kumvuta kulimwangusha, kumsukuma kulikuwa kubaya zaidi. Siku moja amekwama mlangoni pa bafu, analia kimya kimya kwa aibu, nikaona nyonga yake inatetemeka. Kwa macho yangu ilikuwa nyonga ya mchezaji aliyepotea anayesubiri ngoma imchukue. Sikuwaza. Nilipiga makofi pajani, taratibu, nikaguna wimbo usio na maneno, nikaegemea kulia ili na yeye aegemee. Mguu ukanyanyuka. Ukafuata wa pili. Tukaingia.

"Nani kakufundisha?" aliuliza.

"Kazini kwangu, mama."

Aliniomba taulo.

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyoishi. Asubuhi makofi, mchana makofi. Mke wa kaka alijaribu, akashindwa, maana alipiga makofi tu bila kuusikiliza mwili wa mama. Kundi langu likapata safari ya kwenda kucheza nje, na nguo zangu zilikuwa zimeshashonwa. Nani angebaki? Kaka ana duka. Nilibaki. Aliponiona siku moja namvusha mama kizingitini, alitikisa kichwa akasema, "Angalau kazi yako imepata faida." Alidhani ananisifu.

Kisha ikaja siku ya posa ya binti wa kaka. Wageni wa upande wa mwanaume walijaa sebuleni, wazee kwa kina mama, wamekaa kwenye mazulia, harufu ya pilau mpaka barabarani. Mama, bibi wa binti, alikuwa amevaa vizuri, amejifukiza udi. Ilibidi atoke chumbani aje awasalimie. Kaka alinifuata jikoni.

"Leo usimpigie makofi mama. Wakwe wapo."

"Na akikwama?"

"Hatakwama. Muda si mrefu kanywa dawa."

Alikwama kwenye kizingiti cha sebule. Maongezi yakakatika. Vijana walikuwa wameshasema shikamoo, na mama kaitikia marahaba kwa sauti nyembamba, mguu mmoja mbele, haendi, harudi. Nilisogea karibu yake, nikaanza kuguna kwa chini, vidole pajani, kiasi cha kusikika na yeye tu.

"Acha," alisema.

"Mama, egemea kulia."

"Nimesema acha! Sichezeshwi ngoma mbele za watu."

Watu wote walisikia. Nikaondoa vidole pajani. Alisimama pale, anatetemeka, wageni wanatazama sahani zao, mpaka kaka na mwanaume mwingine wakaleta kiti, wakambeba juu juu kama kabati. Akawekwa katikati ya wageni. Akatabasamu kwa kadiri uso wake ulivyoweza.

Baada ya hapo alikataa hata tukiwa wawili tu. Nikiguna, anafumba macho. Alichagua kitanda. Mtu asiyetembea mwili wake hujifunga haraka, na mwaka uliofuata tulimzika. Kaka huwaambia watu mama alikuwa mzee, Mungu alimpenda. Simsahihishi tena.

Nilirudi Buguruni. Mwalimu wa kundi alinitazama nikizunguka ukumbi, akasimamisha ngoma. "Unatembeaje?" aliuliza. Nilijiangalia kwenye kioo. Hatua fupi, magoti yamelegea, mwili mzima unamsubiri mtu aliye pembeni. Nimejitahidi kuuondoa mwendo huo na haujaondoka wote. Nafasi yangu jukwaani alishapewa mwingine, na mimi nafundisha wanaoanza.

Wiki iliyopita nilikuwa napita Kariakoo, kwenye msongamano wa wamachinga. Kijana mmoja aliyejitwika mzigo wa viatu alikuwa nyuma yangu.

"Mama, tembea basi!" akapiga kelele.

Sikuwa nimemhisi anakuja. Nikasogea ukutani, akapita.