Makosa ya Yaya Yangu

Shefu wa kituo cha mafunzo alikuwa na wimbo mmoja tu: "Madame, jibu la uongo lazima lifanane na la kweli. Kama halifanani, hujaandika swali, umeandika mchezo." Nilimchukia mtu yule, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Kiwanda chetu pale Panda kilikuwa kinakufa polepole. Mashine zimelala, mishahara imekuwa hadithi, na wakubwa wakaamua kupunguza watu. Mafundi wote wa umeme wangefanya mtihani: kila swali majibu manne, unazungushia moja. Anayefaulu anabaki. Anayeanguka anarudishwa nyumbani, na nyumba yenyewe anaiacha, maana nyumba za kambi ya wafanyakazi zilikuwa za kiwanda. Sisi tulikaa kwa jina la kaka yangu mkubwa, yaya, fundi wa umeme. Na wa kuandika maswali, ebu ona balaa, nilikuwa mimi, mwalimu wa kozi za jioni.

"Mupatie yaya yako majibu," mama aliniambia kila akinipakulia bukari, ugali wetu. "Weye iko na moyo gani? Unataka tulale inje?"

Yaya ndiye aliyemkatalia. "Mama, umuache. Nikipita na majibu ya mudogo wangu, nitamuangalia na macho gani?"

Basi nikabanwa kote. Nikikataa kuandika, wangeleta mtu kutoka Lubumbashi na mimi ningekosa kazi. Nikiandika vizuri, naandika dhidi ya nyumba yetu.

Kwanza nilijaribu ujanja. Mota ikipata moto, unaanza na nini? Nikatia: unaimwagia bia; unaiimbia; unamwita padri. Shefu alisoma, akanirudishia karatasi bila hata kukaa. "Hapa hata mbuzi wangu atafaulu. Madame, andika makosa ambayo watu wanayafanya kweli!"

Makosa ya kweli! Ningeyatoa wapi? Darasani wanaume walinyamaza, wakanakili kutoka ubaoni, wakaenda. Mtu niliyemjua kosa kwa kosa alikuwa mmoja, yule aliyerudia masomo kwenye meza yetu ya jikoni. Mota ikipata moto, yaya alikimbilia kufungua kifuniko kabla ya kukata umeme. Nilimpigia kelele hadi majirani wakajua: "Yaya, kata kwanza!" Taa zikifungwa kwa mstari mmoja na moja ikafa, aliapa kwamba nyingine zitaendelea kuwaka. Na mita aliisoma amesimama upande, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani, akapata namba isiyo yake.

Nikayaandika yote. Nililia nikiandika, nasema wazi. Kila swali nilikuwa nikitega mtego wenye kipimo cha ndugu yangu. Shefu alisoma, akapiga meza kwa furaha. "Voilà! Hii ndiyo kazi."

Siku ya mtihani aliniweka kusimamia ukumbi. Yaya alisoma swali la kwanza, akakunja uso. Akasoma la pili. Halafu nikamwona anacheka peke yake, kimya, mabega yanatikisika. Nilidhani akili imemtoka.

Alifaulu kuliko wote.

"Mudogo," aliniambia nyumbani, "ile karatasi yote ilikuwa minye, minye mwenyewe! Jibu lenye linanipendeza mara moja, najua: hili ni langu, basi ni la uongo." Mama alipiga vigelegele hadi njiani, akamshukuru Mungu mbele ya kambi nzima.

Lakini ngoja. Walioanguka walipewa mabati na magunia ya unga, wakaenda kujenga mtaa wa Kikula. Jirani yetu mmoja alianza kufuata samaki ziwani Tshangalele, mke wake akauza sokoni, na watoto wao wakarudiwa na mashavu. Yaya, yeye aliyefaulu, aliamka kila asubuhi kwenda kulinda mota isiyozunguka. Alirudi jioni na mikono safi, na usafi ule ulimuua. Kuacha kazi hakuweza: anayeacha mwenyewe hapewi hata bati moja, na mama angekufa kwa haya. Tulikula bukari na chumvi ndani ya nyumba tuliyoiokoa.

Kisha shefu akaniita: wakubwa wanataka kupunguza tena, mtihani mwingine, maswali mapya. Nikaleta habari mezani. Mama alianza kuomba Mungu palepale. Yaya alingoja hadi mama alipotoka kwenda kuchota maji, akasogeza sahani yake pembeni.

"Mudogo, safari hii utafute makosa yenye sijue, na minye nipate mabati."

"Yaya, si uzungushie tu la uongo?"

Akaangalia mikono yake. "Nikiwa najua ni la uongo? Hapana. Mukono utakataa."