Siku Mbili za Margaret

Mimi, Margaret na Zainab tulishuka London mwezi mmoja, sote kwa viza ya kutunza wazee, na mwaka na miezi miwili baadaye hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona London yenyewe. Mimi nilikuwa naijua Edmonton, basi la kwenda kazini na duka la unga. Zainab, mtu wa Mombasa, alikuwa anaijua Thornton Heath na msikiti wake. Margaret hakujua chochote nje ya nyumba moja ya Stanmore, kwa sababu alikuwa akifanya kazi humo na kulala humo humo, katika chumba kilichopakana na cha bibi aliyekuwa akimhudumia.

Bibi huyo ni Lila, Mhindi aliyezaliwa Unguja, akaondoka na mumewe baada ya Mapinduzi akiwa na miaka ishirini na miwili. Miguu imemwishia nguvu, lakini Kiswahili chake bado ni cha Darajani. Mwanawe Hemant ndiye mwenye kampuni iliyomleta Margaret, na jina la kampuni hiyo ndilo lililo kwenye viza yake. Margaret akimwacha, ana siku sitini tu za kupata mwajiri mwingine, la sivyo arudi Kakamega kwa watoto wake wawili mikono mitupu. Hilo tulilijua sote, na Hemant alilijua kuliko sisi.

Mkataba ulisema siku mbili za mapumziko kila wiki. Lakini mkataba husema mengi. Kila Ijumaa palikuwa na sababu: msaidizi wa kumpokea zamu ana mafua, binamu wanakuja kutoka Leicester, Bi Lila kaamka vibaya. Na Margaret, ambaye kule kwenye mafunzo Nairobi aligombana hata na mpishi, akawa wa kusema sawa tu. Iliniudhi, nikaapa kwamba safari hii atatoka. Tulipanga wikendi nzima: Jumamosi Mnara wa London, kulala kwangu Edmonton, Jumapili Kanisa la Mtakatifu Paulo. Nikashona na sare za kitenge, maana wanawake watatu hawatoki pamoja kila mtu na lake.

Ijumaa jioni Margaret akapiga simu. Msaidizi haji. Sauti yake haikuwa hata na hasira, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Nikajiona mjanja, nikamwambia, "Si umlete tu? Kiti si kina magurudumu?" Zainab, aliyekuwa kwenye simu hiyo hiyo, alinionya kwamba ukimpa mtu shubiri atachukua pima. Nikamwambia aache roho mbaya, mzee wa watu naye amefungiwa ndani.

Tulikutana kituo cha London Bridge. Nilimpa Bi Lila kipande cha kitenge kilichobaki, akajitanda mabegani akafurahi.

Mnara ule una karibu miaka elfu, na ua wake umetandikwa mawe yasiyopenda magurudumu. Mimi na Zainab tuliwaona kunguru, tukaona lango walimopitishwa wafungwa kwa mashua, tukapanga foleni kwenda kutazama mataji ya wafalme. Margaret alisukuma. Foleni ilipofika mlangoni Bi Lila akataka choo, wakaondoka wawili, na waliporudi sisi tulikuwa tumeshatoka. Nilimuuliza Margaret ameona nini. Alisema ameona mawe ya chini, nikitaka anaweza kunihesabia.

Bi Lila naye alichangamka siku nzima. Alitusimulia duka la vitambaa la baba yake, akatucheka mimi na Margaret kwa Kiswahili chetu cha bara, akala chipsi alizokatazwa na daktari. Alasiri, kando ya mto, akamshika Margaret mkono.

"Hiyo Missis iache," akamwambia. "Niite Mama."

Margaret alisita. Kwetu mtu mzima akikupa neno hilo hulirudishi. "Asante, Mama," akasema, nasi wajinga tukapiga makofi. Mimi nikapiga na picha kwa simu ya Margaret, nikamtumia Hemant aone mama yake anavyocheka.

Jioni tuliwarudisha Stanmore ili Margaret achukue mkoba wake twende Edmonton. Hemant alitufungulia mlango macho yakiwa mekundu. Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alizungumza kwa upole wa kweli. Alisema tangu baba yake afariki hajamwona mama yake akicheka vile. Alisema ameshampigia yule msaidizi asisumbuke tena, maana wageni wa nini na Margaret sasa ni mtoto wa nyumba hii. Kila wikendi atoke na dada zake, na Mama, nauli juu yake yeye Hemant.

Nilingoja Margaret aseme kitu. Mwajiri, Margaret angeweza siku moja kumdai mapumziko yake, kwa barua au kwa ugomvi. Lakini nani humwambia mama yake kwamba leo nataka kupumzika mbali nawe? Bi Lila alikuwa bado amemshika mkono, akimtazama kwa mapenzi ambayo, Mungu ni shahidi, hayakuwa ya uongo. "Sawa, Mama," Margaret akasema, na mkoba ukabaki chumbani.

Alitusindikiza hadi getini.

"Lydia, nilikuwa na siku mbili," akaniambia. "Hawakunipa, lakini zilikuwa zangu. Sasa nitazidai kwa nani?"

Niliona aibu, nikamwomba msamaha. Alisema si kitu, akarudi ndani haraka kwa sababu alikuwa anaitwa.

Jumapili mimi na Zainab hatukwenda popote. Wiki nzima nilipanga maneno: nitampigia Bi Lila mwenyewe, nimweleze kwa heshima kwamba Margaret anachoka, kwamba anahitaji siku zake, na yeye ni mtu mzima ataelewa. Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla sijapiga, simu yangu ikaita. Namba ilikuwa ya Margaret, sauti ya Bi Lila.

"Mwanangu Lydia, mie tayari zamani. Leo tunakwenda wapi?"

Maneno yangu yote nilikuwa nayo. Nikafungua kinywa.

"Popote upendapo, Mama," nikasema.