Siku Nne za Kwenda Kuangalia Majani ya Watu

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya ngitili ya baba. Kwa msomaji wa mbali asiyeijua, ngitili ni eneo la malisho ambalo mwenyewe hulifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, miti haikatwi, mpaka majani ya nje yatakapokwisha kabisa, ndipo hufunguliwa kidogo kidogo ili mifugo ivuke kiangazi. Baba alifariki akaacha ngitili moja upande wa kilimani, ng'ombe saba, na watoto watano, mimi nikiwa wa kwanza. Mama alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla yake. Nikaacha shule darasa la tano nikashika nyumba.

Wakati huo Simiyu haijawa mkoa, na sisi wa Bariadi tulihesabiwa Shinyanga. Pamba ilikuwa imeachwa huru. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao hadi vijijini, kila mmoja akiwataka watu walime zaidi, na vyama vya siasa navyo vilikuwa vimekuwa vingi. Mvua ilikuwa imebadilika tangu nikiwa mdogo. Ilichelewa, ikanyesha kwa fujo wiki mbili, ikapotea. Bwana misitu wa wilaya alitwambia kwenye mkutano kwamba dunia nzima inazidi kupata joto, na kwamba miti na majani tuliyofunga ni kinga yetu. Mtu mmoja akamuuliza kama moshi wa viwanda vya Wazungu ndio unaoharibu mvua, mbona anayefungiwa ni ng'ombe wake yeye. Watu walicheka sana. 

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Masunga, aliona upepo unakoelekea. Akaahidi kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata mkutano mkuu utaamua ngitili zote zifunguliwe, zilimwe pamba. Bwana misitu akamsihi kabla ya hapo akakione kijiji kimoja cha Maswa kilichofunga ngitili kwa miaka kadhaa. Masunga akakubali, lakini akasema Minza, yaani mimi, naye aje, maana ndiye msumbufu kuliko wote, asije akadai Mwenyekiti hakufika.

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, nilimkabidhi mdogo wangu Kabula nyumba na wadogo zake. Nilimwagiza apite kilimani asubuhi na jioni. Aliniuliza afanye nini akimkuta mtu. Nikamwambia amsalimie kwa jina lake kwa sauti kubwa, basi. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Saa tatu tulikuwa Bariadi mjini, Mwenyekiti akiwa amenipakia kwenye baiskeli yake, akaiacha huko, na saa nne tulipanda lori la pamba linalokwenda kwenye kiwanda cha kuchambulia Maswa. Bwana misitu alikaa mbele na dereva. Mimi na Mwenyekiti tulikaa juu ya pamba, ambayo ukiikalia unazama mpaka kiunoni na joto lake linakupanda mgongoni. Kutoka huko juu niliona nchi ilivyokuwa. Ardhi nyeupe, mabua, mmomonyoko umechimba njia za ng'ombe zikawa makorongo. Ng'ombe walisimama kwenye vumbi vichwa chini, na ilikuwa Julai tu. Nilihesabu miezi mpaka Novemba kwa vidole, nikarudia, kana kwamba ingepungua.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alinigawia michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaniambia anajua ninavyomfikiria. Vijana wa chama kingine walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakisema yeye analinda nyasi za wachache. "Ng'wanone," akaniambia, akimaanisha mwanangu, "mimi nimewekwa na watu. Watu wakitaka shamba, nami nikasema hapana, kesho watamweka mwingine atakayesema ndiyo. Ngitili yako italimwa vilevile, na mimi nitakuwa nimeanguka bure."

Maneno yake yalikuwa na ukweli. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tulilala Nyalikungu, mji wa Maswa, nyumbani kwa bwana misitu wa huko, mwenzake wa huyu wetu, na mkewe alinipa kitanda kizuri ambacho sikukifaidi.

Jumatano tuliazima baiskeli tatu. Masunga aligundua kwamba fimbo yake aliisahau kwenye lori, akanung'unika njia nzima. Wakati wa saa sita tulifika kwenye kijiji chenyewe, ambacho sitakitaja jina kwa sababu ya yaliyompata Mwenyekiti wetu pale.

Kwanza nilidhani ni shamba la mpunga lililokauka. Yalikuwa majani. Yalisimama yakifika kifuani, rangi ya simba, na kati yake miti iliyochipuka kutoka visiki vya zamani. Kware waliruka miguuni petu. Nilishuka kwenye baiskeli nikashika mabua kwa mkono, nikayaacha upesi, kwa sababu sikutaka wanaume wale waone nilivyoyatamani.

Nilipogeuka, Masunga alikuwa tayari ameshakata fimbo. Mwanamume wa kwetu haingii mji wa mtu mikono mitupu, ataonekana kama anayetafuta kuku wa kuiba. Kwa hiyo aliona mti ulionyooka, akatoa kisu, akakata, akaanza kuumenya magome akipiga mluzi. Hakufikiri. Hata bwana misitu hakufikiri, alikuwa akinionyesha mipaka.

Filimbi ililia kutoka kwenye majani. Wakatokea sungusungu watatu, walinzi wa kijiji, na mmoja wao, mwembamba mwenye kofia ya sufu juani, akatusalimia kwa heshima zote, "Mwadila." Tukaitika. Kisha akaiomba fimbo, akaiangalia magome yake yaliyobaki, akasema twende.

Bwana misitu alieleza njiani kwamba huyu ni mgeni, tena mwenyekiti wa kijiji, tena amekuja kwa shughuli ya wilaya. Yule wa kofia alisema vizuri sana, mti haukujua hayo.

Saa tisa dagashida ilikaa, yaani baraza la jadi la kijiji. Kwa desturi wanawake hatukai humo, basi mimi nilikaa pembeni kwenye ukuta wa zizi pamoja na Mayu Holo, mke wa mwenyekiti wa pale, tukisikia kila neno. Adhabu ya kukata mti ndani ya ngitili ilikuwa mbuzi. Masunga alisema hakuja na mbuzi mfukoni. Watu walicheka, naye akakasirika, akasema kwao mgeni hupewa maji ya kunywa kabla ya kushtakiwa. Alisema kweli, na maji yakaletwa haraka. Alipomaliza kunywa kesi ikaendelea.

Mwenyekiti wa pale aliitwa Lubinza, mzee mfupi mwenye sauti ndogo. Alisema kwa kuwa mgeni yuko mbali na zizi lake, afanye kazi badala ya mbuzi. Kesho yake walikuwa wanalima barabara ya kuzuia moto kuzunguka ngitili. Atashika jembe pamoja nao mpaka saa sita. Baraza likaitikia.

Masunga alinyanyuka akaja moja kwa moja kwenye zizi. Aliniambia nichukue mzigo wangu, tunaondoka. Bwana misitu alisimama nyuma yake akikunja na kukunjua kofia yake. Niliona Jumamosi yote mbele yangu: Mwenyekiti amerudi na hasira, anasimama kwenye mkutano na kusema amewaona watu wa ngitili, ni watu wasio na adabu. Jembe la kukokotwa kilimani kabla jua halijazama.

Nikamwambia, "Baba, siendi."

"Utabaki na nani?"

"Nitalima mimi sehemu yako. Nyumbani nitawaambia nililima mimi."

 Mayu Holo, ambaye nilidhani hasikilizi, akasema huku akiendelea kupepeta mtama kwamba mume wake alilipishwa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mwaka ambao ndama wake walivunja ua wakaingia ngitili. Kabla ya hapo walikuwa wameitisha mikutano mitatu, na baada ya kila mkutano watu walichoma majani. "Walikuwa wanasema ni majani ya mwenyekiti," alisema. "Siku alipomtoa yule mtamba mbele ya watu, nilimlilia, alikuwa wa mahari ya mwanangu. Lakini moto haukuwashwa tena."

Masunga akamuuliza kama uchaguzi uliofuata alishinda. Mayu Holo akasema hapana, alishindwa. Alirudishwa baadaye.

Hilo halikumtuliza hata kidogo. Lakini hakuondoka.

Alhamisi asubuhi alilima. Alikuwa na suti yake ya Kaunda tu, akavua koti, akakunja suruali. Wanaume wa pale walimtania kwamba kumbe huko Bariadi mwenyekiti hushika kalamu mpaka jembe linamsahau, na yule wa kofia ya sufu alimwonyesha namna ya kusimama kana kwamba anamfundisha mtoto. Masunga aliwajibu kwamba ardhi yao imekaa ngumu kama roho zao. Ilipofika saa nne alikuwa akicheka nao. Mimi nilichota maji na kumtazama, nikijaribu kujua kama kucheka kule kulikuwa na maana yoyote kwangu. Mtu anaweza kucheka na watu wa mbali na bado akakumaliza nyumbani.

Nilimsikia akimuuliza Lubinza kama ni kweli kwamba miti ile inarudisha mvua. Mzee alisema hajui habari za mbinguni. Mvua kwao ilikuwa mbaya kama kwetu. Alichojua ni kwamba mwaka wa ukame mkubwa ng'ombe wa kijiji cha jirani walikufa, na wa kwao walikonda tu. Kisha akainama akaendelea kulima. Saa sita ilipofika, Masunga hakuweka jembe chini mpaka mstari wake ulipokutana na wa mwenzake.

Jioni tulirudi Nyalikungu, na Ijumaa tukapata lori tupu la kwenda Bariadi.  Viganja vya Masunga vilikuwa na malengelenge, akavishika wazi magotini. Niliuliza mara moja tu kesho atasema nini. Alijibu kwamba hajui, na nikaona ni kweli, nikaogopa kuliko kama angesema anajua.

Saa kumi alasiri tulikaribia kijijini kwa baiskeli ya Mwenyekiti. Njia yetu hupita chini ya kilima. Kabula alikuwa amesimama pale barabarani, na aliponiona na Mwenyekiti akanyoosha mkono kilimani.  Ng'ombe walikuwa wakishuka kutoka ngitili ya baba, kama thelathini, matumbo yamejaa, wengine bado wana majani mdomoni. Kwetu kila mtu ana alama yake ya kukata sikio la ng'ombe. Alama ile niliijua tangu utotoni. Ilikuwa ya mji wa Masunga.

Baadaye Kabula alinieleza kwamba waliingia tangu Jumatano. Wachungaji walisema si ngitili zinafunguliwa Jumamosi, sasa Mwenyekiti asubiri nini. Aliwasalimia kwa majina yao kwa sauti kubwa, nao wakaitika.

Masunga alisimama na baiskeli yake mpaka ng'ombe wa mwisho akapita. Hakuniangalia. Akapanda, akaenda kwake.

Jumamosi saa nne mkutano ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Mnunuzi mmoja wa pamba alikuwa ameleta mbegu na plau mbili, zimewekwa zionekane. Masunga alisimama akaanza na habari ya safari. Alisema alikata fimbo kwenye ngitili ya watu, akafanyishwa kazi. Alionyesha viganja. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mmoja wa wale vijana wa chama kingine akauliza kama jembe lilikuwa la kike. Aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Na hapa kwetu ng'ombe wangu wamekula ngitili ya yatima siku tatu. Nani atanihukumu?"

 Hakukuwa na kanuni ya kumhukumu nayo. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja kuifuta hata ile desturi tuliyokuwa nayo. Watu waliangalia plau, wakaangalia chini. Mzee mmoja akasema atoe mtamba. Mwingine akasema mbuzi wawili yatosha, majani yale yalikuwa yanalimwa kesho. Wakabishana, na katika kubishana kwao nikasikia kwamba wameshaanza kuzungumza kama watu wenye ngitili.

Masunga akatoa mtamba. Halafu akasema yeye ataunga mkono zibaki, na anayetaka kumwondoa kwa hilo amwondoe. Watu waliambiwa wajipange pande mbili. Upande wa plau ulikuwa mrefu. Wa kwetu alisimama yeye, nikasimama mimi, wenye ngitili wachache, na kisha kwa mshangao wangu wanawake, mmoja mmoja, na mzee yule wa mbuzi wawili. Ilipohesabiwa tulikuwa pungufu kwa watu sita. Kelele zikawa nyingi, na mwishoni wakubwa wakapatana: zilizo bondeni zilimwe, za kilimani zibaki kwa mwaka mmoja, itazamwe.

Uchaguzi ulipokuja Masunga aliangushwa, kama alivyoogopa. Nilikwenda kumpa pole, akaniuliza majani yanaendeleaje.

Nilipoondoka Jumanne ile nilidhani watu wakionyeshwa kitu kwa macho yao wataamini, na jambo litakwisha. Haliishi. Kila Julai mkutano huitishwa, mwenyekiti mpya huuliza, na watu hujipanga pande mbili. Ngitili ya baba haijawahi kupewa zaidi ya mwaka mmoja. Wadogo zangu wameoa na kuolewa kwa ng'ombe waliolishwa pale, na mimi wiki moja kabla ya mkutano bado huanza kupita nyumba kwa nyumba, nikihesabu nani atasimama upande wangu.